Farasi Aliyedhoofika na Namna Anavyoponywa

1. Mnyama Aliye Haba Kwetu

Watoto wengi wa Afrika ya Mashariki humjua farasi kwa picha tu, wala hawajapata kumgusa. Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni mbung'o, yule inzi aenezaye ugonjwa wa nagana, ambao huwaua ng'ombe na farasi pia. Ya pili ni ugonjwa mwingine mkali wa farasi uenezwao na visubi, wadudu wadogo waumao usiku. Farasi wengi waupatao hufa katika siku chache. Kwa hiyo katika mabonde ya joto farasi hakupata makao. Alipata makao katika nchi za juu zenye baridi, kama vile Ethiopia, Lesotho na nyanda za juu za Kenya. Katika visiwa na miji ya pwani kazi ya kubeba mizigo imekuwa ya punda, aliye ndugu yake farasi.

Katika nchi za Ulaya na Marekani farasi ni wengi. Zamani walilima mashamba, wakavuta magari, wakaenda vitani. Siku hizi wengi wao hupandwa kwa michezo na matembezi. Na palipo na wanyama wengi hapakosi watu wasiowatunza. Pengine mwenye farasi ni mkatili. Pengine ana moyo mwema, ila amepatwa na ugonjwa, uzee au umaskini, hata asiweze kununua majani makavu wakati wa baridi kali, ambapo malisho hayaoti. Pengine hajui tu haja za mnyama aliyemnunua. Farasi haulizi ni sababu gani. Yeye hukonda tu.

Uingereza ilitunga sheria ya kuwalinda farasi, ng'ombe na kondoo na ukatili katika mwaka 1822, na miaka miwili baadaye chama cha kuwalinda wanyama kikaundwa mjini London. Nchi nyingine zilifuata. Basi farasi akionekana katika hali ya kuteswa, sheria yaweza kumwondoa kwa mwenyewe, naye hupewa watu watakaomtunza mpaka apone.

Kumponya farasi wa namna hiyo ni kazi ya miezi, na pengine ya miaka. Huruma ndiyo ifunguayo lango la zizi, lakini haiwezi kuimaliza kazi peke yake. Wako watu wenye moyo mwema waliowaua farasi kwa wema wao, kwa sababu walikuwa na huruma na hawakuwa na maarifa. Na wako wengine waliokuwa na maarifa ya kuuponya mwili, wakashindwa kwa kukosa subira ya kuiponya hofu.

2. Anavyoonekana Siku ya Kwanza

Afikiriwe kwa mfano farasi jike, mwenye umri wa miaka kumi hivi, aliyefungiwa muda mrefu katika uwanja usio na jani hata moja. Farasi mzima wa kimo chake huwa na uzito wa kilo 500 hivi; huyu amepungua sana. Mbavu zake zahesabika. Uti wa mgongo umesimama kama paa la nyumba, na mifupa ya nyonga imetokeza pande mbili. Shingo imekuwa nyembamba. Manyoya yake ni marefu, yamefifia, na ndani yake mmejaa chawa. Kwato zake zimeota mpaka zikapinda mbele na kupasuka.

Watu wawili wakimtazama farasi mmoja, huyu aweza kusema, "Amekonda kidogo," na yule akasema, "Amekonda mno." Ili kuondoa ubishi huo, mtaalamu mmoja wa Texas katika Marekani, jina lake Henneke, pamoja na wenzake, walitoa katika mwaka 1983 kipimo chenye daraja 9. Mpimaji hutazama na kupapasa mahali sita: shingo, nyuma ya bega, mbavu, sehemu ya juu ya mabega, kiuno na shina la mkia. Farasi wa daraja la 1 ni mifupa na ngozi. Wa daraja la 5 ni wa kadiri. Wa daraja la 9 amenenepa hata kudhurika. Kipimo hiki husaidia barazani mwa hakimu, na pia humsaidia mtunzaji, kwa kuwa amwonaye mnyama kila siku hawezi kuona upesi kama ananenepa au anakonda.

Farasi huyu wa mfano ni wa daraja la 1. Asimama peke yake, kichwa kimeinama, wala hajali mtu akimkaribia. Mgeni humwona akasema kuwa ni mnyama mpole. Saisi mwenye ujuzi hasemi hivyo. Ajua kwamba huenda huo si upole, ni udhaifu tu, na kwamba tabia ya kweli ya farasi haijulikani mpaka apate nguvu za kuionyesha.

3. Hatari Iliyomo Ndani ya Chakula

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hutaka kufanya ni kumjazia farasi huyo ndoo ya shayiri au mahindi. Hilo ndilo jambo liwezalo kumwua.

Mwili wa mnyama aliyekosa chakula hujila wenyewe. Kwanza hutumia sukari iliyowekwa akiba, kisha mafuta yaliyo chini ya ngozi. Mafuta yakiisha, hula nyama yenyewe, hata nyama ya moyo. Katika siku hizo zote damu na chembe za mwili hupungukiwa na madini zinayoyahitaji, kama vile fosforasi, magnesiamu na potasiamu. Farasi aishi kwa akiba ndogo kabisa.

Sasa akipewa nafaka nyingi kwa ghafula, wanga uliomo hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Mwili hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuiingiza sukari ndani ya chembe. Lakini sukari haiingii peke yake. Yaingia pamoja na yale madini machache yaliyosalia. Damu huachwa tupu. Ndipo moyo, mapafu na figo hushindwa kufanya kazi, na farasi hufa, mara nyingi katika siku ya tatu, ya nne au ya tano tangu apewe chakula. Mtu aliyemlisha hulia akisema, "Alianza kula vizuri, kwa nini amekufa?"

Mambo hayo huwapata binadamu pia. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, wafungwa waliokuwa wameteswa kwa njaa walifunguliwa, na askari wenye huruma wakawapa chakula kingi kizito. Wako waliofariki baada ya kukila. Moto uliobaki kaa moja hauwekewi gogo. Huwekewa kijiti kimoja, kisha kingine.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walijaribu aina mbalimbali za chakula kwa farasi waliokonda. Waliona kuwa kilichofaa zaidi ni majani makavu ya lusini, mmea wa jamii moja na kunde. Lusini ina wanga na sukari kidogo, nayo ina protini, magnesiamu na fosforasi kuliko majani mengine. Wakaweka utaratibu huu. Siku tatu za kwanza farasi hupewa nusu kilo hivi kila baada ya saa nne, mchana na usiku, yaani kilo tatu hivi kwa siku nzima. Tangu siku ya nne kipimo huongezwa kidogo kidogo, na mara za kulisha hupunguzwa, hata siku ya sita apate kilo mbili hivi kila baada ya saa nane. Baada ya siku kumi aweza kupewa majani kadiri atakavyo, mara mbili kwa siku. Maji safi huwapo daima, na madini ya kulamba huwekwa karibu. Nafaka haipewi nafasi kabisa katika siku hizo.

Kuyasoma haya ni rahisi. Kuyatenda ni vigumu. Farasi mwenye njaa humaliza nusu kilo kwa dakika chache. Kisha huigonga ndoo kwa mguu, hulamba ukuta, humtazama saisi na kumlilia. Gunia la nafaka liko hapo karibu, na mkono wa saisi unatamani kulifungua. Lazima aufunge moyo wake na kulala; tena lazima aamke saa sita za usiku, na saa kumi za alfajiri, apeleke majani yale machache. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni nani apendaye kungoja kibaba kijae huku mnyama akilia?

Farasi aliye dhaifu mno pengine hulala chini asiweze kuinuka. Huyo hageuki mwenyewe, na uzito wa mwili wake mkubwa hulemea nyama na mapafu ya upande wa chini. Watu kadhaa hushirikiana kumgeuza upande kila baada ya saa chache, wakamwekea majani mengi chini yake ili ngozi isichubuke. Wengine huinuka baada ya siku moja au mbili. Wengine hawainuki tena.

4. Meno, Minyoo na Kwato

Akivuka siku kumi za kwanza, mganga wa wanyama huanza kutafuta magonjwa mengine. Muda huo farasi hukaa peke yake, mbali na wenzake, kwa majuma mawili au matatu, ili kama ana ugonjwa wa kuambukiza asiwape wengine. Vyombo vyake havitumiwi na farasi mwingine.

Kwanza hutazamwa meno. Farasi husaga chakula kwa kusogeza taya upande kwa upande, na meno yake huendelea kusukumwa nje ya ufizi kwa miaka mingi, huku yakilika kwa kusaga. Kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, meno hayaliki sawasawa. Kingo zake huwa kali kama kisu, zikakata mashavu na ulimi. Farasi mwenye meno ya namna hiyo huanza kutafuna, kisha hudondosha madonge ya majani yasiyosagika. Aweza kukonda mbele ya chakula tele. Mganga humfungua kinywa kwa chombo maalum, na kwa tupa ndefu husawazisha kingo zile. Kazi hiyo moja pengine humponya farasi kuliko dawa yo yote.

Kisha mavi yake hupimwa kwa darubini, na mayai ya minyoo huhesabiwa. Hapa pia haraka ina hatari. Tumbo la farasi aliyeachwa muda mrefu laweza kuwa na minyoo wengi sana. Wakifa wote kwa mara moja, huweza kuziba au kuumiza utumbo. Kwa hiyo mganga huchagua dawa na siku ya kuitoa kwa uangalifu. Chawa huuawa kwa dawa ya kunyunyiza, na manyoya huchanwa taratibu.

Mwisho ni kwato. Ukwato hufanana na ukucha wa binadamu. Hukua kwa kadiri ya sentimeta moja kwa mwezi, na kuota upya kutoka juu hata chini huchukua mwaka mmodja hivi kwa ukwato wa mbele. Farasi anayetunzwa hukatwa kwato kila baada ya majuma sita au manane. Za huyu wa mfano hazijakatwa kwa miaka. Lakini mkata kwato mwenye akili hazikati zote kwa siku moja hata zikawa fupi, maana mifupa na kano za mguu zimezoea kusimama vibaya. Hukata kidogo, hungoja majuma machache, hukata tena.

Farasi aliyekonda na asiye na ugonjwa mwingine huhitaji kadiri ya miezi mitatu hata mitano kurudia uzito wake. Mbavu hujificha, manyoya marefu hupukutika, na mapya huota yakiwa na mng'ao. Watu wapitao husema, "Farasi huyu amepona." Lakini siku hizo ndizo zianzazo taabu ya pili.

5. Shukrani ya Punda

Wahenga walisema kuwa shukrani ya punda ni mateke. Mara nyingi farasi aliyeokolewa huonekana kuithibitisha methali hiyo. Yule jike aliyekuwa mpole katika udhaifu wake, sasa amepata nguvu. Mtu akiinua mkono, hurusha kichwa. Akiletewa kamba, hugeuza makalio tayari kupiga. Akiwekewa tandiko, hung'ata. Akiguswa mguu wa nyuma, hupiga teke. Farasi wengi hupoteza makao yao mapya katika wakati huu, kwa kuwa waliowapokea walitazamia shukrani, wakapata mateke, wakakasirika.

Wasiojua humwita farasi huyo mwovu. Lakini farasi hana maneno. Ulimi wake ni masikio, mkia, meno na miguu. Kwa hiyo mtunzaji mwenye busara, kabla ya kumfundisha adabu, hutafuta maumivu. Ang'atapo mshipi wa tandiko unapokazwa, huenda mgongo una donda, au ana vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi hutoa maji makali ya kuyeyushia chakula saa zote, kwa kuwa ameumbwa kula majani kidogo kidogo mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku; akikaa saa nyingi bila kula, maji yale hulichoma tumbo lenyewe. Akikataa kutoa mguu, huenda hawezi kusimama kwa miguu mitatu bila kuumia. Kumpiga mnyama wa namna hiyo ni kumpiga mgonjwa kwa sababu ameugua.

Maumivu yakiisha, hubaki hofu; nayo yana sababu yake katika maumbile. Farasi ni mnyama aliyewindwa na simba na mbwa mwitu tangu kale. Hana pembe, hana makucha. Silaha yake ni mbio. Macho yake yamewekwa kando ya kichwa, naye aona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa mahali padogo mbele ya paji la uso na mahali pengine nyuma ya mkia. Kitu kikitokea kwa ghafula, hukimbia kwanza, ndipo ageuke kutazama. Tena ana kumbukumbu ndefu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na farasi aliyepigwa kichwani kwa fimbo huogopa kila mkono uinuliwao, hata ukiwa umeshika brashi.

6. Njia ya Kuirudisha Imani

Saisi afanyaje basi? Huanza kwa kuwa mtu wa desturi moja. Humlisha farasi saa zile zile, huvaa na kusema kama alivyovaa na kusema jana. Mnyama aliyeishi asijue kama kesho kutakuwa na chakula hutulia anapoona kuwa siku hufanana. Akimaliza muda wa kutengwa, huwekwa karibu na farasi mwenzake aliye mtulivu, kwa kuwa farasi ni mnyama wa kundi, na katika upweke hofu yake huzidi.

Kisha saisi humwendea. Hamwendei kwa mbele kabisa, wala kwa nyuma asikoona. Humwendea kwa upande wa bega, akisema polepole, mikono ikiwa chini. Farasi akianza kuinua kichwa na kukaza masikio, saisi husimama. Hasongi mbele, wala hakimbii. Hungoja. Farasi akishusha kichwa, hata kidogo tu, saisi hurudi nyuma hatua mbili. Huko kurudi nyuma ndiko malipo ya farasi: amejifunza kuwa akitulia, lile jambo la kutisha huondoka. Lazima malipo yaje papo hapo; yakikawia, farasi hajui amelipwa kwa ajili ya nini.

Siku ya kwanza saisi huenda akafika hatua kumi tu. Baada ya siku kadhaa hufika hatua tatu. Kisha hugusa bega na kuondoa mkono. Kisha shingo. Kisha huileta kamba, humwacha ainuse, huiondoa. Mguu huinuliwa kwa muda wa pumzi moja, huwekwa chini kabla farasi hajaunyang'anya. Kesho kwa pumzi mbili. Kila somo ni fupi, nalo humalizika wakati farasi ametulia, hata kama kazi yenyewe haijaisha.

Lakini upole si ulegevu. Farasi mwenye kilo 500 akiachwa amsukume mtu, au azoee kupekua mifuko akitafuta vitamu, huwa hatari, wala hapati mtu wa kumtunza baadaye. Saisi mwema hukataa mambo hayo kila siku kwa namna ile ile, bila hasira. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Mgiriki Xenophon, aliyekuwa askari wa farasi, aliandika kitabu juu ya wanyama hawa. Humo alifundisha kuwa mtu asimshughulikie farasi akiwa na hasira, na kwamba kumpiga farasi kwa sababu ya kitu alichokiogopa ni kumwongezea hofu, maana hudhani kuwa kitu kile ndicho kilichomletea maumivu. Mambo mengi yamebadilika tangu siku za Xenophon, hilo halijabadilika.

Ziko siku za kurudi nyuma. Upepo huangusha bati, farasi hukata kamba na kukimbia, na mtu aliyemgusa jana hawezi kumkaribia leo. Saisi asiyejua husema kuwa kazi ya miezi mitatu imepotea. Ajuaye hurudi hatua moja au mbili katika masomo yake, huanzia hapo, na mara nyingi huona kuwa safari hii farasi hujifunza upesi kuliko mwanzo.

7. Wasiopona na Waliopona

Ingekuwa uongo kusema kuwa kila farasi huponywa. Mwaka 1930 bibi mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo pamoja na mumewe aliyekuwa ofisa wa jeshi. Huko aliona farasi wazee waliochoka, wakivuta mizigo mizito katika joto. Walikuwa farasi wa jeshi, waliouzwa baada ya vita iliyokwisha mwaka 1918. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la London kuwaomba watu msaada, nao wakaleta fedha. Katika miaka michache alinunua farasi 5,000 hivi. Wengi wao walikuwa wamedhoofika kupita kiasi cha kupona. Hao aliwapa siku chache za majani mengi, kitanda laini na maji baridi, kisha wakauawa bila maumivu. Wengi walimwona kuwa ametenda jambo la huzuni. Lakini farasi aliyefanya kazi miaka ishirini alilala siku zile za mwisho bila njaa na bila mzigo. Mwaka 1934 bibi huyo alianzisha hospitali mjini Cairo, ili wanyama wa maskini watibiwe bure kabla hawajafika hali ile.

Na wako waliopona kupita matumaini. Mwezi wa Februari 1956, katika mnada wa Pennsylvania, Marekani, farasi mweupe aliyezoea kuvuta jembe alikuwa amekwisha kupakiwa garini pamoja na wengine kwenda kuchinjwa. Alikuwa mchafu na mwenye majeraha. Harry deLeyer, mwalimu wa kupanda farasi aliyetoka Uholanzi, alifika mnadani amechelewa. Alimtazama machoni, akamnunua kwa dola 80. Nyumbani alimwosha, akamtibu, akampa wanafunzi wampande, maana alikuwa mtulivu. Baadaye alimwuza kwa jirani. Farasi akaruka nyua za njiani akarudi zizini kwa deLeyer. Ndipo bwana wake akatambua kuwa anaweza kuruka. Mwaka 1958, miaka miwili baada ya kushushwa katika gari la machinjioni, farasi huyo, aitwaye Snowman, alishinda mashindano makubwa ya kuruka mjini New York.

Si kila farasi aliyeokolewa atakuwa Snowman, wala hahitaji kuwa. Kwa walio wengi kupona ni jambo dogo zaidi: kusimama kwa miguu minne isiyouma, kula bila kuogopa kuwa chakula ni cha mwisho, na kukaa kimya mkono wa mtu unapopita shingoni.

8. Farasi wa Mbali na Punda wa Karibu

Maarifa haya hayawafai wenye farasi tu. Huko Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na mizigo huchukuliwa na punda, hospitali ya punda ilifunguliwa mwaka 1987 na chama cha Uingereza cha kuwasaidia wanyama hao. Punda naye ana meno yanayokuwa makali, kwato zinazoota, minyoo tumboni na donda la mgongo litokanalo na tandiko baya. Naye akipiga teke, mara nyingi asema neno ambalo mwenyewe hajalisikia.

Mtoto aliyepewa punda, ng'ombe wa jembe au mbwa wa kulinda nyumba aweza kuyatumia mafunzo hayo pasipo kuwa na fedha. Mnyama aliyekonda apewe kidogo, mara nyingi, wala asipewe nafaka nyingi kwa ghafula. Atazamwe kinywani na chini ya kwato kabla ya kuitwa mvivu. Apapaswe mgongoni kabla ya kuitwa mkaidi. Na akiogopa, angojewe.

Kungoja huko ndiko kugumu kuliko yote. Njaa ya farasi huonekana kwa macho, na kila mtu huihurumia. Hofu yake haionekani mpaka anenepe, nayo humjia mtu kwa meno na mateke. Anayeendelea kumtunza katika siku hizo za pili ndiye aliyemwokoa kweli.